Mhariri, vijana wafundishwe kulinganisha kabla ya kuandika kwenye diski

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu. Mi ni fundi wa seva hapa Dar es Salaam, kazi hii nina zaidi ya miaka kumi nayo, na ukurasa wenu wa teknolojia huwa siukosi. Ila kila nikiufungua ni simu, kamera ina megapikseli ngapi, chaji inakaa siku ngapi, sawa watu wanapenda na siwalaumu, lakini kuna vitu vimeshikilia akiba za watu na rekodi zao na hakuna anayeviandika kwa Kiswahili, kijana akitaka kujifunza mpaka akapambane na Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata aliyezaliwa nacho kinamtoa jasho.

Leo naandika kuhusu programu moja ndogo ya kwenye terminali, ile skrini ya kuandika amri kwa maneno, inaitwa sg_compare_and_write. Jina refu, ila kazi yake ni hivi: unaipa vitu viwili, inaenda kwa diski inaiambia angalia kwenye bloku namba fulani, yaani kipande kidogo cha diski chenye namba yake, ukikuta kilichopo kinafanana na hiki cha kwanza basi andika hiki cha pili palepale, ukikuta kimebadilika hata baiti moja usiguse kitu, rudi uniambie. Basi. Ni hicho tu. Na kwa kukosa kitu hicho tu niliwahi kuona watu wakilia kaunta.

Kuna chama kimoja cha kuweka na kukopa, jina naliacha, walikuwa na seva mbili na storeji moja, yaani sanduku la diski ambalo seva zote mbili zinalifikia. Seva A inafanya kazi, seva B inasubiri, A ikifa B inachukua. Mpango mzuri. Sasa ili zisifanye kazi zote kwa pamoja, fundi aliyekuwepo kabla alitenga diski ndogo kwenye ile storeji iwe kama kufuli, akaandika skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe: seva ikiwaka isome bloku ya kwanza ya ile diski kwa dd, programu ya kusoma na kuandika diski, ikikuta patupu iandike jina lake alafu ifungue diski kubwa yenye data, ikikuta jina la mwenzake ikae isubiri. Seva ikizimwa vizuri inafuta jina lake inaacha patupu. Ukiisoma ile skripti unaona kabisa mtu kafikiria, na ilifanya kazi zaidi ya mwaka bila tatizo.

Usiku wa Jumapili moja umeme ukakatika, kama kawaida. UPS, ile betri ya dharura, ikashikilia, ilipokaribia kuisha ikaziambia seva zote zizime kistaarabu, kufuli likafutwa, kila kitu kikalala salama. Alfajiri umeme ukarudi na seva zote mbili zikawaka kwa pamoja, zile ni modeli moja, zimenunuliwa siku moja, zina mfumo uleule, yaani zinawaka kwa mwendo mmoja kama askari wa gwaride. A ikasoma bloku: patupu. B ikasoma bloku: patupu. A ikaandika jina lake. B ikaandika la kwake juu ya la A. Kila moja ikajua kufuli ni langu, kila moja ikafungua diski ya data.

Ile diski ya data ilikuwa na mfumo wa mafaili wa ext4, na ext4 haikutengenezwa kufunguliwa na mashine mbili kwa wakati mmoja. Kila seva inakuwa na ramani yake kichwani, kwenye RAM, hapa pamejaa hapa pako wazi, na haina habari kama mwenzake kashaandika palepale. Makarani wengine siku hiyo walikuwa wanaangukia seva hii, wengine ile, na hakuna aliyegundua. Jumatatu nzima watu wameweka hela na wametoa hela, hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja. Jumanne mchana ndio mambo yakaanza, faili halifunguki, jumla hazilingani, na Jumatano walipoendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, ikaanza kutupa vipande vya mafaili kwenye folda ya lost+found, maelfu, havina majina.

Mi niliitwa Alhamisi. Nilivyofika kuna mama mmoja alikuwa kaunta, anauza vitumbua jirani na stendi, anaweka akiba pale kila Jumatatu, kashika kile kitabu chake cha akiba kimelowa mafuta pembeni. Ndani kuna shilingi laki na ishirini imeandikwa kwa kalamu, muhuri upo, sahihi ya karani ipo, kwenye kompyuta hakuna. Hakupiga kelele. Aliniangalia mi maana nilikuwa nimevaa kitambulisho, akasema, "Mwanangu, hela nimeitoa kwa mkono huu nikampa yule dada pale. Sasa hii mashine yenu imeipeleka wapi?" Nikamwambia, "Mama, shikamoo, naomba utuvumilie, kitabu chako ndio ushahidi na hela yako haipotei." Akaitikia marahaba akaenda kukaa kwenye benchi, na pale kwenye benchi walikuwa kama ishirini.

Ilirudi, namshukuru Mungu. Tulichukua kopi ya Jumamosi tukaingiza upya kila kitu kutoka kwenye vitabu na stakabadhi, ilichukua siku tisa, makarani walikuwa wanalala saa saba usiku. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mezani kwa wakubwa jibu lilishapatikana kabla mi sijafungua hata laptopu: tumedukuliwa. Hakuna mdukuzi aliyegusa kitu pale. Tatizo lilikuwa nafasi ndogo, pengine hata sekunde haifiki, kati ya kusoma na kuandika.

Hapo ndipo nataka wasomaji wanisikilize kidogo, hasa vijana walioko vyuoni. Ile dd ni programu ya zamani sana, ipo tangu enzi za Unix ya miaka ya 1970, naitumia kila siku na naiheshimu, ila ukiiambia andika inaandika, haiulizi nani yupo hapo. Ukitaka masharti inabidi uyaweke wewe kwenye skripti, soma kwanza alafu kama ni patupu andika, na hayo yanakuwa matendo mawili, na kwenye matendo mawili kuna mlango katikati ambao mwenzako anaweza kuingia. Wengi wanadhani dawa ni kufanya haraka, au kusubiri sekunde chache za kubahatisha, au kusoma tena baada ya kuandika. Hizo zote zinaupunguza ule mlango tu, hazijaufunga. Alafu kuna la kache, yaani hifadhi ya muda, maana dd ya kawaida inaweza kukusomea kitu ambacho mfumo wa Linux ulishakihifadhi kwenye RAM ya seva yako, kumbe kwenye diski yenyewe kimebadilika zamani, mpaka uiambie isome moja kwa moja. Na hata ukiiambia, mlango bado upo.

Mlango unafungwa sehemu moja tu, kule kwenye storeji yenyewe, kwasababu ndiyo pekee inayoziona seva zote mbili. Kwenye lugha ya SCSI, ambayo ndio lugha seva inaongea na storeji, kuna amri inaitwa COMPARE AND WRITE, imo kwenye kiwango cha SBC-3, yaani kanuni za amri za diski, msimbo wake ni 89 kwa hesabu ya heksadesimali. Seva inatuma mzigo mmoja wenye nusu mbili, nusu ya kwanza ni kile unachotegemea kukikuta, nusu ya pili ni kile unachotaka kiandikwe. Storeji inasoma, inalinganisha, inaandika, yote kwa mkupuo mmoja, hakuna mwingine anayeruhusiwa kupita hapo katikati kwenye zile bloku. Seva mbili zikituma kwa wakati mmoja storeji itashughulikia moja kwanza, ya pili itakuta kitu kimeshabadilika, itarudishiwa jibu linaloitwa MISCOMPARE, na haijaandika hata nukta. Jibu hilo linakuja hata na mahali pa baiti ya kwanza iliyotofautiana.

Sasa sg_compare_and_write ndio mkono wa kuituma amri hiyo kutoka terminali. Ipo kwenye kifurushi cha sg3_utils, kwenye Ubuntu na Debian kinaitwa sg3-utils, kazi kubwa ya kukitunza kwa miaka mingi imefanywa na Douglas Gilbert. Matumizi yake yako hivi:

sg_compare_and_write --in=huru.bin --inw=seva_a.bin --lba=0 --num=1 /dev/sdc

huru.bin ni kile unachotegemea kukikuta, seva_a.bin ni kile unachotaka kuandika, /dev/sdc ni diski yenyewe, lba ni namba ya bloku, num ni bloku ngapi, na hiyo num haivuki 255 kwasababu amri yenyewe imeipa nafasi ya baiti moja tu. Ikifanikiwa inarudisha sifuri. Ikikuta tofauti inarudisha 14. Skripti yako inaangalia namba hiyo tu: sifuri kufuli ni langu, 14 kuna mwenzangu nakaa pembeni, namba nyingine yoyote kuna hitilafu sigusi data. Ile skripti ya kile chama ilihitaji kubadilishwa mistari kama mitatu. Mitatu, Mhariri, na watu wasingekaa kwenye benchi.

Na msidhani ni kitu cha pembeni cha mafundi wachache. Wazo lenyewe ni la zamani, kompyuta za IBM System/370 za miaka ya 1970 zilikuwa na amri ya namna hii kwenye kumbukumbu. Upande wa storeji, watu wa VMware, wanaotengeneza programu ya kuendesha kompyuta nyingi za kufikirika (VM) ndani ya seva moja, walikuwa na shida kama yetu, seva nyingi kwenye diski moja kubwa, na zamani seva ikitaka kubadilisha kitu kidogo kwenye orodha ya mafaili ilikuwa inaifunga diski nzima, wengine wote wanasubiri nje, fikiria asubuhi VM mia zinawaka kwa pamoja. Mwaka 2010 kwenye toleo lao la vSphere 4.1 wakaleta wanachokiita ATS, ambacho chini yake ni hii hii COMPARE AND WRITE, wanafunga ile bloku moja inayohusika, wengine wanaendelea na kazi. Na kiwango cha diski mpya za NVMe kina njia yake ya kuunganisha amri ya kulinganisha na ya kuandika zikaenda kama kitu kimoja. Kwahiyo ukiona fundi anayasimamia hayo kila siku na hajui chini kuna nini, ujue hakufundishwa.

Nimeitumia miaka kadhaa sasa kwahiyo niseme na yale ambayo ukurasa wa msaada hauyasisitizi. La kwanza, usitumie patupu, yaani sifuri tupu, kama alama ya kwamba kufuli liko wazi. Watu wengi wanafanya hivo kwasababu ni rahisi. Lakini diski zimejaa sehemu za sifuri, ukikosea herufi moja ukaandika sdb badala ya sdc, ulinganisho utakubali, na utakuwa umeandika kwenye diski ya mtu. Andika alama yako kabisa, mi naweka neno HURU na jina la klasta, yaani lile kundi la seva zinazoshirikiana, hapo ukikosea diski utapigwa 14 na hakuna kilichoharibika. Hiyo peke yake inaifanya iwe salama kuliko dd mara nyingi.

La pili, weka namba ya zamu ndani ya bloku, iongezeke kila kufuli likishikwa. Kwasababu unaweza ukasoma kufuli, ukachelewa, mwenzako akalishika akafanya yake akaliachia likarudi HURU vilevile, wewe unarudi unakuta HURU unadhani hakuna kilichopita. Namba ya zamu inakuumbua.

La tatu ndio zito. Kufuli likishikwa na seva iliyokufa litabaki limeshikwa, na hii programu haijui mtu kafa. Inabidi kuwe na mapigo, seva iandike kila sekunde kadhaa kwamba nipo, na mwenzake akitaka kumnyang'anya ahakikishe kwanza yule wa zamani kazimwa kweli, umeme umekatwa au kanyimwa njia ya kufika kwenye storeji. Pasipo hilo unaweza kukuta seva uliyodhani imekufa ilikuwa imeganda tu, inazinduka inaendelea kuandika. Kwahiyo kwa taasisi kubwa mi siwashauri wajitengenezee wenyewe, watumie Pacemaker, programu ya kusimamia klasta, ikiwa na utaratibu wa kumkata mwenzake, hayo yameshafikiriwa na watu wengi. Lakini hata ukitumia Pacemaker lazima ujue kwanini inafanya inavyofanya, na njia nzuri ya kujua ni kuishika hii amri kwa mkono wako.

Na usiijaribu kwenye flashi yako ya kawaida ukasema huyu jamaa muongo. Flashi na diski nyingi za SATA hazina amri hii, zitakujibu hazijui unaongea nini na kwa kawaida programu itarudisha 9. Kwa storeji ya kazini uliza kwanza kwa sg_vpd --page=bl, utaona mstari unaosema kiwango cha juu cha kulinganisha na kuandika ni bloku ngapi, ikiwa ni sifuri basi haina.

Sasa ombi langu, na hapa naongea na walimu wa vyuo na VETA pia kama wanasoma. Nimekutana na vijana wa fildi wengi, wazuri kabisa, wana vyeti, ukimuuliza seva mbili zikiandika bloku moja kwa pamoja inakuwaje anakwambia mfumo utazuia. Mfumo gani? Anakaa kimya. Ukiuliza chuoni kwanini hamkufanya kwa vitendo, jibu ni hatuna storeji, ni mamilioni ya hela. Ni kweli storeji ni ghali, ila kwa somo hili haihitajiki. Linux ina moduli inaitwa scsi_debug, unaandika modprobe scsi_debug dev_size_mb=64 na papo hapo mashine yako inapata diski ya SCSI ya uongo iliyoko kwenye RAM, ya megabaiti 64, na inaielewa COMPARE AND WRITE. Ukimaliza unaitoa, hakuna kilichoguswa. Laptopu ya mtumba ya Kariakoo inatosha.

Mi vijana wanaokuja kwangu nawafanyisha hivi wiki ya kwanza. Wanafungua terminali mbili kwenye ile diski ya uongo. Kwanza wanaandika skripti ya kusoma na kuandika kwa dd, kama ile ya kwenye chama, wanaiendesha kwenye terminali zote mara elfu moja, kila upande unahesabu nimeshinda mara ngapi. Zikijumlishwa zinapita elfu moja. Hapo ndio utaona mtu anatulia, anaangalia skrini, anarudia kujumlisha kwa kalamu. Alafu wanabadilisha ile mistari mitatu wanaweka sg_compare_and_write, wanaendesha tena, na kila raundi mshindi ni mmoja tu, mwingine kapata 14. Kuna binti mmoja mwaka jana aliendesha usiku kucha, asubuhi nikamkuta hajatoka, ananiambia "Kaka, raundi laki tatu na hakuna hata moja yenye washindi wawili." Sikuwa na haja ya kumfundisha zaidi siku hiyo.

Kwahiyo Mhariri naomba hata mara moja kwa mwezi mtenge robo ukurasa wa mambo haya, na kama kuandika ni shida mi nitawaandikia bure, na nawajua wenzangu watano wa Mwanza, Arusha na hapa mjini ambao wangeandika pia. Na taasisi zinazoshika hela za watu, hasa hivi vyama vidogo vyenye seva mbili na fundi mmoja wa kuitwa, naomba wiki hii wamuulize fundi wao swali moja: zile seva zikiwaka kwa pamoja, nani anaamua ipi ishike diski? Akisema skripti, mwambieni awafungulie muione inasoma na kuandika kwa amri moja au mbili.

Yule mama wa vitumbua bado anaweka akiba palepale, kila Jumatatu, na siku hizi akishapewa kitabu chake anamwambia karani amgeuzie skrini aone kwanza.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa seva, Dar es Salaam